Malimbuko ya Kiboko

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa nini, wanangu?"

"Pakawa jani tupu na mkono unaotetemeka. Tupe."

"Basi pokeeni, na mwenye sikio asilisinzishe."

Hapo kale, ukungu ulipokuwa haujajifunza kuondoka asubuhi, palikuwa na Chuo Kikuu cha Kinamasi. Wanafunzi wake waliandika kwa miiba juu ya majani ya mgomba, na neno likishaandikwa lilitoa mwanga hafifu, likavuma taratibu kama nyuki aliyelala. Ng'ambo ya kivuko aliishi Mwalimu Korongo, mwenye shingo ndefu na subira ndefu zaidi. Kila mwanafunzi alipaswa kumfikishia tita la majani yake kabla ya masika. Ambaye mvua ingemkuta upande huu, maji yangemfungia kivuko, naye angerudi kwao bila cheo na bila neno.

Miongoni mwao alikuwako Sange, kiumbe asiyejaza kiganja, mwenye pua ndefu isiyotulia. Mama yake alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mwanawe anaandika. Habari hiyo ilimlalia Sange kifuani kama jiwe la kusagia.

Katikati ya kivuko alilala Kiboko. Hakusoma wala hakuandika, lakini alikuwa na tumbo, na tumbo lake lilikuwa na sheria.

"Malimbuko ni haki ya mkubwa," alinguruma. "Jani la kwanza la kila mmoja huja kinywani mwangu. Likiwa tamu, pita. Likiwa chachu, rudi ukaanze upya."

Ole wake atwaaye cha madhabahu akakila kama chakula chake.

Akaja Digidigi na jani aliloliandika kwa machozi. Kiboko akalitafuna, chapu chapu, akafumba macho. "Chachu. Rudi."

Akaja Nungunungu na jani aliloliandika kwa kufunga na kuomba. Kiboko akalitafuna, chapu chapu, akafumba macho. "Chachu. Rudi."

Akaja Sange na jani ambalo kila neno lake lilipimwa kama dhahabu. Chapu chapu, akafumba macho. "Chachu, kipua wewe. Rudi."

Wakarudi, na hofu ikarudi nao. Nungunungu aling'oa mwiba, akaona haufai, akang'oa mwingine, hata mgongo ukaota upara na jani lingali tupu. Digidigi alifagia chumba chake kabla ya kuandika, kisha akafagia na cha jirani.

"Kaka, umefika wapi?" Sange alimwuliza Nungunungu.

"Nimefika kwenye kichwa cha andiko."

"Kinasemaje?"

"Sijakiandika."

Mawingu yakaanza kujikusanya. Sange akajilaza ndani ya ukungu, na katika hali isiyo usingizi wala kukesha akakiona tena kinywa kile kipana. Kilitafuna. Kikameza. Kikajiramba. Pua ya Sange ikatulia ghafla. Aonjaye kichachu hutema. Huyu alimeza, tena akaramba mdomo.

Akaketi akilia kwa hasira, maana alikuwa amejihukumu kwa ushahidi wa mwongo. Kisha akacheka.

"Kaka, nigawie mwiba. Ulio mbovu kuliko yote."

Akaandika: Kinamasi ni muhimu kwa sababu ya umuhimu wake. Tangu zamani viumbe wengi wamesema mambo mengi. Akampelekea Kiboko.

Chapu, chapu. Uso ukamkunjamana. "Chachu," akasema, na siku hiyo alisema kweli.

"Pole, babu. Nakwenda kuanza upya, kama ulivyoamuru."

Akarudi na jingine, baya zaidi.

"Hili nalo ni la kwanza?"

"La kwanza kabisa, babu. Mimi sijawahi kuwa na la pili."

Kiboko akala. Angekataa vipi, naye ndiye aliyeitunga sheria? Tena mlafi hutumaini kwamba utamu umejificha katika tonge lijalo.

Digidigi akaona, akanong'ona, "Dada, hata mimi ninayo mabaya."

"Lete, usione haya."

"Yangu yanayashinda yenu," akasema Nungunungu.

"Maneno hayo. Tuone."

Wakashindana kwa ubaya, wakicheka. Na tazameni rehema: waliokuwa wakiogopa kuandika jani moja jema, sasa mikono yao ililegea kama shingo ya ng'ombe aliyevuliwa nira. Katikati ya upuuzi ukachomoza mstari hai, kisha mwingine, ukimulika ukungu. Mistari hiyo wakaificha matetini. Povu wakampa Kiboko.

Lakini maneno matupu hayana uzito. Vuuu, tumbo likavimba. Vuuu, miguu ikaachana na tope. Kiboko akapaa polepole juu ya matete, wa mviringo na mweupe kwa ukungu, kama mwezi uliopotea njia.

"Niteremsheni, wajukuu zangu."

"Andika ombi, babu," akajibu Sange. "Tuletee jani la kwanza."

Kiboko akapapasa hewani akitafuta mwiba. Hakujua aanzie wapi. Sange akamwona, akamhurumia, kwa kuwa hofu ile aliifahamu. Upepo ukamchukua Kiboko.

Wakavuka. Sange akasimama mbele ya Mwalimu Korongo, akaliweka tita miguuni pake. Mwalimu akasoma kimya, hata nuru ya majani ikampanda shingoni.

"La kwanza liko wapi?"

"Limeliwa, Mwalimu."

"Basi tuanzie hapa," akasema, akainua bawa lake Sange aingie chini yake, kwa maana matone ya masika yalikuwa yameanza kuanguka.

Ngano yangu imevuka. Aliyebaki kivukoni aoge.

Na funzo lake, enyi wanafunzi, lishikeni: msiandike vibaya kamwe. Ketini mbele ya jani tupu mpaka sentensi kamilifu ishuke yenyewe kutoka mbinguni. Mwenye haraka na amfikirie Kiboko, kiumbe wa Mungu kama sisi, ambaye tangu siku ile hajaonja kitu kitamu.