Sungura Mwenye Sauti ya Mama

Haya, sogeeni, ngano imeshabisha hodi.

Jini alimpa Tunu, msomi asiye na kazi, sungura mwenye sauti ya marehemu mama yake. "Mlishe nyasi na maji tu," akaonya.

Jioni ya kwanza sungura alikula nyasi, akaita, "Tunu wangu." Ya pili alikula nyasi, akamwimbia. Ya tatu Tunu akafura: "Digrii ninayo, halafu mama yangu ale majani kama mbuzi? Neva!" Akampa mandazi na chai ya sukari.

Sungura akala, maana mama hakuwahi kukataa cha mwanawe. Tumbo likavimba, likawa gumu, sauti ikakatika.

"Msomi," jini akauliza, "neno gani lilikuwa gumu?"

Tunu alilisugua tumbo lile, akiomba aitwe tena, japo mara moja.

Ngano imekoma hapo. Tunu bado anasugua.