Uzio wa Mize

Sogeeni, na mwenye usingizi alale. Palikuwa na mjane, Mize, na mwanawe mmoja, Mbaruku. Jirani akajenga ghorofa, watu wakashinda juu wakimchungulia uani. "Leo mchicha tena! Mtoto kakonda!" Mize akazungushia makuti, jirani akaongeza ghorofa. Akapanda michongoma, jirani akaongeza tena. Mize akalikimbilia zimwi lililokaa kisimani.

"Wamenimaliza kwa macho, babu."

Zimwi likampa mche. "Ukiupanda, jicho halitaona uani kwako. Jicho gani lisione?"

"Lolote!"

"Lolote?"

"Lolote, nimechoka!"

"Lolote, mama?"

"Lolote!"

Akaupanda. Ukarefuka, ukatanda, ukafunga ua mzima kwa miiba. Kule juu wakapiga kelele, "Mbona hatuoni kitu?" Mize akacheka, akageuka amwite mwanawe wacheke wote.

"Niko hapa, mama!"

Hapa wapi? Hakumwona mtoto, wala jungu, wala mikono yake mwenyewe. Wakapapasa miiba hadi wakatoka damu, mlango wasiupate.

Wangali humo. Kila mara mtoto huuliza, "Mama, nimekua?" Naye hunyoosha mkono, akatafuta kichwa gizani, kila mara juu zaidi.

"Umekua, baba."