Kitako cha Mauser

Usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga walijua kwamba mbacha, yaani mkeka uliochakaa, haumpendezi mgeni, lakini ndio unaomlaza mwenyewe kila siku. Na kwamba msala wa mpita njia, hata uwe mzuri namna gani, haukufumwa kwa ajili yako. Ezéchiel aliijua methali hiyo tangu darasa la nne kule Uvira. Lakini kuijua methali ni jambo moja, kuifuata ni jambo jingine.

Ezéchiel alikuwa seremala mwenye kibanda nyuma ya saluni ya mkewe, Laetitia, katika barabara ya Umbilo mjini Durban. Kwa miaka saba alikuwa akitengeneza viti na vitanda vya watu, kazi isiyomlaza njaa wala kumpa jina. Ndipo akajuana na Mzee Ambokile, Mtanzania aliyezeekea mji huo, ambaye kwa kibali cha serikali alikusanya bunduki kuukuu ambazo majeshi yaliziuza baada ya vita. Mzee alizijua kama mfugaji ajuavyo ng'ombe wake: hii imebadilishwa kifyatulio, ile mtutu wake umetoka kwa nyingine.

Iliyomkaa moyoni zaidi ilikuwa Mauser ya mwaka 1896. Kitako chake, ule mti unaoshikilia chuma na kuegemea bega, kilikuwa kimepauka na kuchubuka, tena kimepata ufa. Mzee alikifungua, akakifungia chuma ndani ya sefu, akampa Ezéchiel mti peke yake.

"Ziba ufa huu kwa gundi, basi. Usiguse kingine," alisema. "Jumamosi wakusanyaji wenzangu wanakutana. Nimewaambia nina fundi. Wakiridhika na kazi yako, hutahangaika tena, mwanangu."

Ezéchiel alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Alipokuwa akipaka gundi, aliona ndani ya mfereji wa kitako, pale mtutu unapolala, tarakimu nne zilizogongwa. Akatabasamu. Hata yeye huandika namba chini ya miguu ya viti ili asiichanganye, na kiti kikishasimama namba hizo hazina kazi tena.

Alhamisi akapita Bertrand, mchuuzi wa vitu vya mitumba kutoka mtaa wa Bluff, ambaye habari za Jumamosi alishazisikia, na kitako kingine begani.

"Eish, grand! Hii kuni ndiyo unataka kupelekea bakubwa Samedi?" alicheka. "Angalia hii. Iko ya Mauser ile ile, propre, safi kabisa. Nipe hiyo ya zamani, chukua hii. Sharp?"

"Mzee alisema nisiguse kitu."

"Mzee akiona vile inang'aa, atasahau alisema nini."

Ezéchiel alivitazama vyote viwili. Mkono wa seremala huona haya mbele ya mti uliochubuka, na wake uliona haya sana. Wakabadilishana.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Ambokile alilifungua blanketi alilokifungia Ezéchiel kitako, akakipindua, akachungulia mferejini.

"Namba iko wapi?"

"Namba gani, Papa?"

Mzee akatoa chuma sefuni, akamwonyesha: tarakimu nne zile zile kwenye mtutu na kwenye kikomeo cha kufungia risasi. "Kiwanda kiligonga namba moja kwenye chuma na kwenye mti. Zaidi ya miaka mia moja havijaachana. Hicho ndicho tunachotafuta sisi. Vitako vya kung'aa ninavyo vitatu stoo."

"Papa, mimi kiti kikiisha, namba haina kazi. Nilifikiri ni vile vile."

"Ungeniuliza."

Ezéchiel akamweleza yote, wakampigia Bertrand simu. "Ile? Nilishauza siku ile ile," alijibu. "Mutu wa Johannesburg, ameenda nayo. Jina? Sikuuliza."

Hata hivyo Mzee aliipeleka bunduki mkutanoni, na pembeni yake akaweka karatasi aliyoiandika mwenyewe: kitako si cha asili. Wakusanyaji walikuja, wakasoma, wakasogea meza ya pili. Mmoja wao, babu wa Kihindi mwenye kioo cha kukuzia, akabaki nyuma.

"Na yule fundi uliyetuahidi?" aliuliza.

Ezéchiel alikuwa amesimama papo hapo katika koti lake la kanisani, mkono tayari kwa salamu.

"Bado sijampata," alijibu Mzee Ambokile.

Aliyasema polepole, bila hasira, na upole ule ulimchoma Ezéchiel kuliko kofi. Akaurudisha mkono wake mfukoni. Alitaka kumlaumu Bertrand, lakini moyo ulikataa, kwa maana hakuna aliyempokonya kitu. Bahati yake aliitoa mwenyewe, mchana kweupe, akasema na ahsante. Jumatatu alikuwa kibandani, akigongea mguu kiti cha saluni. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.