Kwa Nini Perege Humeza Mayai Yake Meupe

Mnanuna kwa sababu mmemwona perege wa kwenye tangi la kioo akimeza yai lake, na mjukuu wangu Siwema amekwisha kumwita mchawi. Kaeni basi, na msigonge kioo.

Zamani, maji yalipokuwa bado mageni duniani, hakuna samaki aliyegusa yai akishalitaga. Ulikuwa mwiko. Mzazi alipepea mayai kwa mapezi, akalinda, basi. Yai bovu lililala palepale na wenzake.

Perege mmoja, Nyamizi, alitaga juu ya jiwe. Mumewe alipokuwa akiyapitia kuyamwagia mbegu, fisi maji akamkurupusha, upande mmoja wa jiwe ukakosa mbegu. Kesho yake mayai ya upande ule yakawa meupe pe, mengine yakabaki na rangi ya asali. Masikini Nyamizi, aliyapenda zaidi hayo meupe kwa kuwa yanang'aa, akayapepea kuliko mengine. Siku ya tatu yakaota kuvu kama ugali uliolala. Siku ya nne kuvu ikavuka, ikaua hata yaliyokuwa mazima. Hakupata mtoto hata mmoja. Inaniuma mpaka leo kulisema hili.

Alipotaga tena, machache yakawa meupe. Jirani yake kaa akamwambia, "Yatoe, shoga yangu. Hayo hayana mtu ndani."

"Nitayatoaje, na mikono sina? Nikiyasukuma, maji yanayarudisha."

"Kinywa unacho."

Nyamizi akamgeuzia mgongo, hata salamu akamnyima. Lakini asubuhi aliona uzi wa kwanza wa kuvu, na mayai mazima yapo kando yake. Akachukua yai jeupe kinywani, akatulia, akisubiri lichezecheze. Halikucheza. Akalimeza. Akarudi kuchukua la pili.

Yaliyobaki yalianguliwa yote. Watoto walimzunguka siku nzima wakicheza, naye siku hiyo hakula kitu.

Na tangu siku hiyo, perege akiona yai jeupe hulimeza kabla kuvu haijavuka. Ila mtazameni vizuri. Akishalitia kinywani hamezi papo hapo. Hutulia kwanza, akisubiri.

Haya, Siwema. Sogea hapo kwenye kioo umwombe radhi.