Mshika Funguo na Neno Lililokatazwa

Alikuwako, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, sultani aliyeitwa Shamlani bin Rashadi, mtawala wa mji wa Jauhari, mji wenye visima saba na minara kumi na minne, na sultani huyo alikuwa mwenye haki katika hukumu na mkunjufu katika sadaka, ila alikuwa na gereza, na gereza hilo lilikuwa na msiba wake. Katika mwaka mmoja wafungwa watatu walijiua humo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametimiza mwezi tangu aingie. Sultani akafadhaika sana, akamwita waziri wake Dhiyabu, akamwambia, "Sitaki jambo hili litokee tena katika milki yangu."

Waziri Dhiyabu alikuwa mtu wa majibu mengi na maswali machache. Akaamuru kila mfungwa mpya avuliwe kilemba na mshipi, awekwe peke yake siku arubaini, asisemeshwe na mtu wala asionane na jamaa zake; na juu ya hayo akapiga marufuku neno lenyewe la kujiua lisitamkwe ndani ya kuta zile, kwani, alisema, "lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Watu wote wakatikisa vichwa kukubali, maana nani wa kubishana na wahenga?

Basi funguo za gereza hilo alizishika mtu mmoja, Harithi bin Mselemu, kapera wa miaka arubaini, na ukapera wake ulikuwa na sababu: alikuwa mdadisi wa kupindukia. Siku aliyokwenda kuposa alimuuliza mama wa binti kwa nini kisima chao kina chumvi, na babu yao alikufa kwa maradhi gani, na posa ikamrudia kabla kahawa haijapoa. Alitaka kujua paka ananawa uso kwa ajili ya nani, na kwa nini mkate wa mofa hupasuka upande mmoja.

Na katika pete ya chuma iliyobeba funguo zake alifungwa jini, jina lake Kharbashi, aliyerithiwa na washika funguo tangu enzi za babu yake sultani. Jini huyo aliweza kufungua kufuli yoyote na kuleta chochote kilichoko baina ya mashariki na magharibi, ila hakuruhusiwa kumvusha mfungwa hata hatua moja nje ya lango.

Ikawa mwezi mmoja akaletwa sonara, kijana hodari aitwaye Mundhiri, aliyehukumiwa miaka mitatu kwa kutia shaba katika bangili za binti sultani. Siku nane alilia, na dada yake Zuwena alileta bakuli la chakula langoni kila siku, na kila siku Harithi alilirudisha limejaa. Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, Harithi akamkuta ametulia tuli, ananyoosha shuka lake na kulikunja vizuri.

"Shuka hili mpe mzee wa chumba cha tatu," akasema Mundhiri. "Pete hii ya marehemu baba mpe Zuwena. Na wewe, Bwana Harithi, ikiwa nimekukosea, niwie radhi."

Harithi akavipokea, na udadisi wake ukaanza kumwasha. Mtu aliyelia jana mpaka sauti ikamkauka, leo ametulizwa na nini? Na kwa nini agawe shuka, na usiku wa Jauhari una baridi? Hajamaliza ukumbi akakumbuka kwamba wale watatu waliotangulia nao waligawa vyao, mmoja viatu, mmoja tasbihi, mmoja farasi wake.

Akaisugua pete ya funguo, na Kharbashi akatokea, kichwa chake darini na miguu yake sakafuni. "Labeka, bwana wangu!"

"Mfurahishe huyu mtu, upesi!"

Kufumba na kufumbua kuta za chumba zikawa kioo cha bilauri, na nje yake zikaonekana bustani za nchi zisizo na jina, na ikashuka sinia ya biriani na halua yenye lozi, na ndege wa rangi saba akatua dirishani akaimba kwa sauti ya binadamu. Mundhiri akatazama yote, akasema, "Ahsante, ni vizuri sana," kama mgeni anayesifu harusi isiyomhusu, kisha akageuza uso.

"Basi kitoe hicho kilichomo moyoni mwake," Harithi akamwambia jini.

"Bwana wangu, mimi nimepewa kufuli. Moyo wa mwanadamu sikupewa." Jini akajikunyata akawa kimo cha mtu. "Ila nikwambie. Kabla ya pete hii nilifungwa ndani ya mtungi wa shaba miaka mia nne, na katika mia ya pili nilichoka kuwapo. Palikuwa na mfua nguo aliyeukalia mtungi wangu kila siku. Siku moja akaugonga, akauliza, 'Umo? Hali yako humo ndani?' Hakuweza kunifungua, maskini, hata kuuinua hakuweza. Lakini nilimjibu, na tukazungumza, na miaka iliyobaki nikaiweza. Wewe unayeuliza hata habari za paka, mbona huyu humuulizi?"

"Naogopa! Nikilitaja neno lile nikamtia wazo, si nitakuwa nimemuua mimi?"

"Na unadhani wazo hilo linakungoja wewe ulilete?"

Harithi akasimama mlangoni, maana mbele yake palikuwa na amri ya waziri na ndani palikuwa na mtu anayekwisha. Kisha akaingia, akaketi sakafuni, akasema, "Mundhiri, ndugu yangu, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo," akasema Mundhiri, na kilio kikamtoka. "Siku tisa mnaniletea maji mkitazama pembeni. Nilidhani mmekwisha kunizika, mnaona haya tu kuniambia."

Harithi hakumwambia yatapita wala hakumhubiria. Aliuliza. Akauliza tangu lini, na saa ngapi huwa vibaya zaidi, na ni kipi hasa kinachouma, na akajua kwamba si minyororo, bali ni ile fikra kwamba Zuwena akipita sokoni huitwa dada wa mwizi, na kwamba akimwondolea aibu hiyo atakuwa amemtendea wema.

"Na yeye umemuuliza?"

"La."

Basi Harithi, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kuvunja amri hata moja, akavunja nyingine mbili kabla ya magharibi. Alihamishia chumbani humo Kombo, mwizi wa kuku, mtu wa maneno mengi asiyejua kunyamaza hata usingizini, akamwambia wasiachane. Akamrudishia Mundhiri shuka. Na akamwingiza Zuwena ndani, pete ya baba yao mkononi mwake.

"Kaka, pete hii siitaki," Zuwena akasema, akimshika mikono yote miwili. "Nakutaka wewe. Watu wa sokoni midomo ni yao, waache waseme. Nitaitwa dada wa mwizi miaka mitatu na nitaitika, lakini nikiitwa dada wa marehemu, nitaitika vipi?"

Mundhiri akalia tena, na jioni ile akala nusu ya bakuli.

Habari zikamfikia waziri, na Harithi akapelekwa barazani, na Mundhiri nyuma yake. "Ewe sultani wa zama," akasema Dhiyabu, "mtu huyu amelitamka neno la mauti mbele ya mfungwa. Naomba afungwe yeye."

"Ulilitamka?" sultani akauliza.

"Nililitamka, maulana. Wahenga walisema lisemwalo lipo, nami nilikuta lipo tangu kabla sijafungua kinywa. Lakini walisema pia, mficha maradhi kifo humuumbua."

Sultani akamgeukia sonara. "Neno lile lilikuletea nini?"

"Mauti nilikuwa nayo tayari, maulana, tumekaa wawili tu. Neno lile lilimleta mtu wa tatu."

Hapo sultani akainamisha kichwa, na baraza zima likaona machozi yakishuka ndevuni mwake. "Wa tatu kati ya wale," akasema, "alikuwa Suudi, ndugu yangu wa kunyonya. Nilimfunga mimi, na nilikwenda kumwona. Akanipa farasi wake. Nikarudi nyumbani na furaha, nikasema, alhamdulillahi, ametulia. Sikumuuliza." Na waziri Dhiyabu, mtu wa majibu mengi, akamuuliza Harithi, "Basi tufanye nini?"

Siku ile ile siku arubaini za upweke zikafutwa. Ikawa mfungwa mpya hulala na mwenzake, na jamaa zake huingia kumwona, na miongoni mwa wafungwa wenyewe wakachaguliwa watu wa kuketi naye na kumuuliza, na wa kwanza wao alikuwa Mundhiri. Harithi akaambiwa aombe atakalo, akaomba Kharbashi afunguliwe, na jini akapaa juu ya minara kumi na minne akicheka. Sultani akamtunukia Harithi pia nyumba na shamba la minazi, na Harithi akamposa Zuwena, naye alipoonywa juu ya maswali ya mtu huyo alijibu, "Mimi majibu ninayo." Wakaoana, na maswali hayakwisha.

Mundhiri alitumikia miaka yake yote mitatu. Kuna siku uzito ulimrudia, na siku hizo alimwamsha Kombo akamwambia, "Leo limekuja," na Kombo akaketi naye, akisimulia habari za kuku, mpaka likapita.

Basi umwonapo mwenzio amegawa vyake na uso umetulia ghafla, usiliogope neno. Muulize, kisha usiondoke. Hekaya yangu imefika mlangoni. Mwenye safari na aende, na mwenye jambo zito moyoni asiende nalo peke yake.