Mlango wa Namkunda

Nyumba ya kichwani haina mlango. Mmemsikia fundi akimwambia hivyo mtu aliyedai ramani yote anayo kichwani, nanyi mkataka kujua neno hilo limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Upare aliishi fundi mwashi, jina lake Mbonea. Alipokuwa na miaka saba, mlima uliporomoka ukaizoa nyumba yao, na baba yake ndani. Tangu siku ile mama yake, Namkunda, alikaa kwa ndugu, katika vyumba vya kuazima. Kila aliponyamaza ghafla, watu walijua mawazo yamempeleka wapi.

Mbonea alipokomaa katika ufundi alipata kiwanja kando ya njia ya chemchemi, mbali na maporomoko, akaazimia kumrudishia mama nyumba ile ile. Hakuchora chochote. "Naijua," alisema. "Nimezaliwa humo."

Akachimba msingi. Namkunda akaja, akasimama katikati ya kamba za kupimia msingi, akageuka huku na huku. "Siyo," akasema. Siyo vipi, hakuweza kueleza. Mbonea akafukia, akachimba upya. Safari hii mama alijifuta macho kwa upindo wa khanga, akaondoka.

Mbonea aliumia. Akachota udongo wa mfinyanzi, akaketi, akaanza kuinua kuta za kinyumba zenye kimo cha kidole. Hapo akaduwaa: jiko na ghala viligombea kona moja! Kichwani vyote vilikuwa vimeenea, miaka yote, bila ugomvi. Akabomoa ukuta, akausogeza, akabomoa tena. Na kila alipokosea alikumbuka kitu: moshi ulikotokea, upande aliolala.

Kesho yake akamwekea mama mapajani ubao wenye kile kinyumba. Namkunda akazipapasa kuta mbichi. Kisha akakigeuza.

"Mlango unatazama huku, mwanangu."

"Mlimani, mama? Si mvua itaingia?"

"Iliingia. Nilimgombeza sana baba yako. Akaniambia, 'Nataka nikuone ukishuka kutoka chemchemi.'"

Akapitisha kidole mlangoni polepole, kikafika chumba cha ndani, akakiacha pale. Machozi yakadondokea udongo.

"Miaka yote hii naizunguka kwa nje tu," akasema. "Kumbe nyumba ya kichwani haina mlango."

Nyumba ikajengwa, mlango ukatazama mlima. Kila alasiri Namkunda aliketi kizingitini, macho kwenye njia ya chemchemi, njia ambako zamani yeye ndiye aliyesubiriwa. Hakutokea mtu. Majirani walipomwonea huruma aliwajibu kwamba kumkosa mume ukiwa nyumbani kwake ni afadhali kuliko kumkosa ukiwa kwa watu.

Basi mafundi wa kule, mteja akijigamba kuwa ramani anayo kichwani, humpa kwanza donge la udongo, wakamwambia: finyanga tuone. Nyumba ya kichwani haina mlango.