Kifua Kisichopanda

Wahenga hawakumung'unya maneno: mlezi anayeogopa kumwadhibu mwanawe asije akalia, ipo siku atalia mwenyewe. Bi Kidawa wa Kiegeani, kisiwani Mafia, aliijua methali hiyo tangu utotoni, tena akiwatolea wenzake. Lakini kujua ni jambo moja, bwana, kutenda ni jingine!

Siku ya mtihani wa vitendo, Nasma, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya uuguzi, alisimama jasho likimtiririka mbele ya Bi Kidawa, mkunga aliyeteuliwa kumpima. Bi Kidawa ndiye aliyekuwa somo yake alipovunja ungo, akamfunda na kumsitiri aibu zake. Na somo hamwaibishi mwari wake.

Mezani alilazwa mwanasesere, mfano wa kichanga asiyepumua. Nasma alimfunika barakoa usoni, akauminya mfuko wa hewa. Kifua hakikupanda. Akaminya tena. Wapi! Hewa ilikuwa ikivujia kidevuni.

"Somo yangu, nisitiri," Nasma aliangua kilio. "Nikianguka leo, mama uso wake atauweka wapi?"

Haki ilikuwa kumrudisha akajifunze upya, na Bi Kidawa alilijua hilo. Lakini machozi yale yalimkata maini.

"Haya, nyamaza mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri." Akamfaulisha.

Nasma alihitimu, akaajiriwa katika kituo cha afya kisiwani humo humo. Asubuhi moja Moza, binti wa pekee wa Bi Kidawa, alijifungua mikononi mwa Nasma. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga, ila hakulia. Bi Kidawa, aliyekuwa akisubiri nje, alitega sikio. Kimya. Alipoona kimya kinazidi, aliusukuma mlango akaingia.

Nasma alikuwa akiminya mfuko, akiminya, na kifua kimetulia tuli.

"Kidevu! Funika kidevu!" Bi Kidawa alimpokonya, akaiweka barakoa sawasawa. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kusimama.

"Lakini somo," Nasma alisema, "siku ile nilifanya hivi hivi. Ukaniambia nimefanya vizuri."

Bi Kidawa alimwinua mtoto, akampakata.

"Mama," Moza aliita kitandani, "mbona mwanangu halii?"

Hapo Bi Kidawa alikaa chini sakafuni, mjukuu mapajani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Ama kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.